Gazi inasita, mlima unangoja: maswali yenu kuhusu kabureta

Barua za mwezi huu karibu zote zilitoka kwa watu wanaopanda milima kwa pikipiki au kwa gari la magurudumu manne lenye kabureta, na karibu zote ziliishia kwa sentensi moja: "Fundi anasema tubadilishe jikleri kubwa." Jikleri kubwa ndiyo sehemu ambayo wengi wanaijua jina, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama. Tumechagua barua saba. Humu tunaandika jikleri kwa kile ambacho wengine wanaita jeti, yaani kipande chenye kitundu kinachopimia esansi (petroli) ndani ya kabureta, ralanti kwa mwendo wa injini usipogusa gazi, mchanganyiko mzito pale esansi inapozidi hewa, na mwepesi pale hewa inapozidi esansi.

Nina pikipiki ya cc 125, mipigo minne, niliinunua ikiwa imetumika. Hapa Goma mjini inaenda, lakini nikitoka Sake kupanda Masisi inakohoa, inatoa moshi mweusi, na nikifungua gazi yote ndiyo inazidi kulegea. Fundi anataka kuitoboa jikleri kubwa iwe pana zaidi ili injini ipate esansi ya kutosha. Nikubali? (Msomaji wa Ndosho, Goma)

Usikubali, ndugu. Anataka kukuongezea kile ambacho tayari kimezidi.

Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa imebaki na uzito wa asilimia 86 hivi ya ile ya pwani. Ukifika malisho ya Masisi yaliyo juu ya mita 2,000, imeshuka hadi asilimia 82. Injini inavuta hewa kwa ujazo uleule kila mzunguko, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni chache. Esansi nayo haipungui kwa kiasi hichohicho. Mvuto unaoinyonya kwenye jikleri unapungua pamoja na uzito wa hewa, ila esansi inayotoka inafuata kipeuo cha pili cha mvuto huo. Ndiyo maana mchanganyiko hauzidi uzito kwa asilimia 14 kamili; unazidi kwa 7 au 8 hapa Goma, na kama 10 kule juu. Inatosha kabisa kutoa moshi mweusi na kulegeza piki gazi ikiwa wazi.

Basi jikleri inatakiwa kupungua. Kwa kiasi gani, inategemea namba iliyochongwa juu yake ina maana gani, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye jikleri nyingi za kabureta za Keihin namba ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita: 100 ni milimita 1.00. Kwenye jikleri kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita namba inafuata kiasi cha esansi kinachopita. Kwa hiyo ukitaka kupunguza asilimia 7, Mikuni ya 110 unaishusha hadi karibu 102.5, lakini Keihin ya 100 unaishusha hadi kati ya 95 na 98 tu, kwa sababu eneo la tundu linapungua haraka kuliko kipenyo chake. Usichanganye jikleri za aina hizi mbili kwa kulinganisha namba, hata kama nyuzi za skrubu zinakubaliana. Anza na hatua moja: Mikuni 105, au Keihin 98. Jaribu mlimani. Ikibaki kukohoa, shuka hatua nyingine.

Kabla ya yote, soma namba iliyomo sasa. Piki iliyotumika mara nyingi imeshapitia mikono, na tundu linaweza kuwa limetobolewa zamani. Kulitanua kutoka milimita 1.00 hadi 1.05 hakuonekani kwa macho, lakini kunaongeza esansi kwa asilimia 10. Ishike jikleri juu ya tochi: tundu la kiwandani ni duara safi lenye ukingo unaong'aa. Lililochokonolewa kwa waya wa chuma lina mikwaruzo, na mara nyingine lina umbo la yai. Hilo litupe, halisafishiki. Lenye uchafu tu, liloweke ndani ya esansi, lipulize kwa kompresa, na likikataa tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Kupima kama umefika: weka buji mpya (plagi ya cheche), panda mlima kwa vitesi (gia) ya tatu gazi ikiwa wazi kabisa kwa sekunde kumi au zaidi, kisha kwa pamoja vuta klachi na uzime injini. Usiiache irudi kwenye ralanti, itafuta ushahidi. Fungua buji utazame ndani kabisa, pale chini ambapo kauri nyeupe inaingia kwenye chuma. Pete ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Masizi meusi makavu, bado ni mzito. Nyeupe tupu yenye punje zinazong'aa, simama hapohapo na urudishe jikleri kubwa zaidi kabla pistoni haijayeyuka.

Jambo moja usitarajie: jikleri sahihi inaondoa moshi na kukohoa, haitengenezi hewa. Kule juu injini itabaki na pungufu ya nguvu kama hewa ilivyopungua. Kama shida yako ni mzigo, gurudumu la meno la nyuma lenye meno mawili zaidi litakusaidia kuliko kabureta yoyote.

Piki yangu ni nzuri nikiongeza gazi polepole. Lakini nikiizungusha ghafla, kwa mfano kuruka shimo au jiwe, inanyamaza kidogo kama imekata, halafu inashtuka na kukimbia. Nimeshabadilisha jikleri kubwa mara mbili, hakuna kitu. (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Jikleri kubwa haiwezi kubadilisha kitu hapo, kwa sababu wakati huo haijaanza kazi. Kabureta ya piki imegawana kazi kwa kadiri gazi ilivyofunguliwa. Tangu imefungwa hadi robo, inayotawala ni jikleri ndogo ya ralanti pamoja na skrubu yake, na karibu na robo mkato ulio chini ya kizibo kinachopanda unachangia. Robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano inayoning'inia kwenye kizibo hicho. Jikleri kubwa inashika usukani baada ya robo tatu. Mtu anayeendesha kwenye mawe ya Bukavu anatumia nusu ya kwanza ya gazi karibu siku nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi. Chukua kipande cha utepe mweupe, ubandike kwenye mpira wa mkono wa gazi, na kingine kwenye nyumba yake isiyozunguka. Gazi ikiwa imefungwa chora mstari mmoja ukivuka tepe zote mbili. Fungua kabisa, chora tena upande wa nyumba. Gawanya katikati, kisha gawanya nusu hizo. Sasa endesha, na gazi inaposita tupia jicho: mstari uko wapi? Dakika tano hizi zinaokoa kununua jikleri sita.

Swali la pili ni nzito au nyepesi. Injini ikiwa na moto, vuta choki kidogo tu na urudie kufungua ghafla. Kusita kukipungua, mchanganyiko ulikuwa mwepesi. Kukizidi, ulikuwa mzito. Sikio nalo linatofautisha: wepesi ni ukimya, injini inakata kama imefungwa mdomo, uzito ni kukoroma na kugugumia, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Ulivyoeleza, "inanyamaza", tunaelekea kwenye wepesi.

Lakini hebu angalia kwanza vitu visivyo na namba. Waya wa gazi: ukizungusha mkono, uwe na uhuru wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa mkavu na umejaa vumbi, kizibo kinapanda kwa mshtuko. Kisha mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa inaingia isikotakiwa. Washa injini, iache kwenye ralanti, paka maji ya sabuni kuzunguka mpira na jointi. Mahali povu linaponyonywa au ralanti inapobadilika ndipo penye ufa. Dalili nyingine ya ufa huo, au ya jikleri ndogo kuziba: ukiachia gazi injini inabaki juu ikilia kwa sekunde mbili tatu kabla ya kushuka.

Vikiwa salama, nenda kwenye skrubu ya ralanti. Angalia iko upande gani. Ikiwa karibu na chujio cha hewa, ni ya hewa: kuifungua kwa kuzungusha kwenda nje kunafanya mchanganyiko uwe mwepesi. Ikiwa karibu na injini, ni ya esansi: kuifungua kunaufanya uwe mzito. Ukikosea hapo utazunguka kutwa nzima. Ifunge taratibu hadi iguse bila kukaza (ncha yake ni laini na inaharibika), ukihesabu mizunguko, uandike. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na moto, izungushe robo kwa robo hadi upate mahali ralanti inapopanda juu zaidi na kutulia, halafu punguza ralanti kwa skrubu yake ya mwendo.

Mahali hapo panakuambia kama jikleri ndogo inafaa. Skrubu ya hewa ikitulia chini ya mzunguko mmoja, jikleri ndogo ni ndogo mno. Ikidai zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa mno. Skrubu ya esansi ni kinyume chake. Pengine utapata kwamba haijachakaa wala haijakosewa, imeziba tu: tundu lake ni jembamba kuliko la jikleri kubwa mara kadhaa, na esansi iliyokaa wiki tatu inatosha kuacha utando.

Ralanti ikiwa safi na kusita kukabaki kati ya robo na nusu, hapo ndipo uende kwenye sindano, kama tunavyomjibu msomaji anayefuata.

Klipi ya sindano ikienda juu, esansi inaongezeka au inapungua? Mafundi wawili wamenijibu tofauti. (Msomaji wa Himbi, Goma)

Inapungua. Klipi ni kibanio kidogo kinachokaa kwenye mmoja wa mifereji ya sindano na kuishikilia. Klipi juu, sindano inashuka ndani ya tundu lake, nafasi ya esansi inabana. Klipi chini, sindano inapanda. Hesabu mifereji kutoka juu. Ikiwa mitano, kiwandani kwa kawaida ni ya tatu. Hapa Goma, kwa piki iliyopangwa kwa tambarare, kuipeleka ya pili mara nyingi kunatosha na hakugharimu hata faranga. Songa mfereji mmoja tu kila jaribio.

Ukikuta sindano haina mifereji, na ndani kuna mpira mwembamba mpana kama kikombe, hiyo ni kabureta ya mvuto: mkono wako unafungua kipepeo, na mvuto wa injini ndio unaoinua kizibo. Hapo sindano inainuliwa kwa kuweka kipete chembamba (washa) cha nusu milimita chini ya kichwa chake. Mpira huo ukichanika hata kitundu cha kalamu, injini inagoma kupita nusu ya mwendo wake. Utazame ukiunyoosha mbele ya taa, na usiunyunyizie dawa ya kusafishia kabureta, unavimba na hauingii tena kwenye mfereji wake.

Natumia Yamaha AG 100 ya mipigo miwili kati ya Bukavu na Uvira. Nimeipunguzia jikleri hapa Bukavu na imekuwa tamu, haitoi moshi. Je, nikishuka Uvira nibadilishe? (Msomaji wa Bagira, Bukavu)

Swali zuri, na kwa mipigo miwili ni swali la pistoni. Bukavu iko karibu mita 1,500, Uvira iko kwenye ukingo wa Tanganyika, mita 770 na kitu. Ukishuka, hewa inanenepa kwa asilimia 7 au 8, na mchanganyiko uliokuwa sawa Bukavu unakuwa mwepesi kwa kama asilimia 4. Joto la bonde la Ruzizi linakurudishia kidogo, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, lakini halifidii yote.

Injini ya mipigo minne ingevumilia bila wewe kujua. Ya mipigo miwili inapozwa kwa sehemu na esansi yenyewe. Mchanganyiko mwepesi, mzigo wa watu wawili, barabara ndefu tambarare kutoka Kamanyola gazi ikiwa wazi: hapo pistoni inashika. Kwa hiyo tungekushauri kinyume na ulivyofanya. Ipange kwa Uvira, na ukubali moshi kidogo ukirudi Bukavu. Kama hutaki moshi, bakiza jikleri kubwa ya Uvira, na cheza na sindano tu: mfereji mmoja juu ukiwa Bukavu, urudishe kabla ya kushuka.

Halafu ule mteremko wa Ngomo. Pampu ya oili ya piki hii inafuata mkono wa gazi. Ukishuka kilomita nyingi gazi imefungwa na injini ikizuia kwa vitesi, silenda inazunguka kwa kasi huku oili ni ya kubahatisha. Kila baada ya muda vuta klachi, fungua gazi mara moja ilie, endelea.

Ni kweli kwamba kutoa chujio cha hewa kunaongeza nguvu? Vijana wengi wa taxi hapa wanakata sanduku lake. (Msomaji wa Majengo, Goma)

Inalia kwa sauti kubwa zaidi, ndiyo maana wanaamini. Ukitoa chujio hewa inapita bila kizuizi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na kwa piki iliyokuwa nzito kwa sababu ya urefu wa Goma kwa kweli inaonekana kama imepona. Imeponywa kwa mchanga. Vumbi la barabara za Goma ni lava iliyosagwa, ngumu na yenye kingo, siyo vumbi la udongo. Inaingia kati ya pete za pistoni na silenda na kusaga kama msasa, na baada ya muda utaona moshi wa bluu.

Rudisha sanduku, punguza jikleri kwa njia halali. Chujio cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, kikamue bila kukinyonga, kikauke kabisa kivulini. Kipake oili nzito hadi kibadilike rangi chote, kikamue tena ndani ya mfuko wa plastiki hadi kisidondoshe. Oili ikizidi, mchanganyiko unakuwa mzito na utarudi kuilaumu jikleri. Paka grisi kidogo kwenye ukingo unaokaa kwenye sanduku. Wakati wa kiangazi, kwa piki ya kazi, kila wiki. Chujio cha karatasi hakipakwi oili. Kinapulizwa kutoka ndani kwenda nje, na kikichoka kinabadilishwa.

Tuna Land Cruiser ya zamani ya esansi kwa ajili ya shamba, silinda sita, yenye kabureta. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inasita sana ukikanyaga, na hata ikipata moto bado kuna shimo fulani mwanzoni mwa gazi. Tukikanyaga ghafla barabara ya mchanga, inazima. Fundi anadai tununue kabureta nzima. (Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi)

Msinunue bado. Yamechanganyika mambo mawili.

La asubuhi ni baridi. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, na asubuhi za Juni na Julai joto linashuka hata chini ya nyuzi 10, wakati Oktoba mchana ni juu ya 30. Tofauti ya nyuzi 20 inaongeza uzito wa hewa kwa asilimia 7 hivi, sawa na kulishusha gari mita 700. Pia esansi ya baridi haigeuki mvuke vizuri, inatanda kama jasho kwenye kuta za bomba la kuingilia. Choki ifanye kazi yake: mkivuta kitasa, kipepeo cha juu kifunge kabisa, na mkirudisha kifunguke wima. Waya wake mara nyingi umelegea na kipepeo kinaishia katikati, kwa hiyo baridi inasumbua asubuhi na esansi inaliwa mchana.

La pili, "shimo" lisiloisha injini ikiwa na moto, linanuka pampu ya gazi. Mkikanyaga ghafla hewa inakimbilia ndani mara moja, esansi inachelewa. Pampu ndogo ndani ya kabureta ndiyo inayorusha mkupuo wa kuziba pengo. Kuipima hakuhitaji fundi. Zima injini, toa kifuniko cha chujio, washa tochi utazame kooni, mwenzako asukume mkono wa gazi kwa vidole. Mshale wa esansi utoke papo hapo, mwembamba, ulionyooka, na uendelee hadi mwisho wa safari ya mkono. Ukichelewa, ukitoka kama matone, au usipotoka, mmepata ugonjwa. Kuna pampu zenye pistoni ndogo yenye kikombe cha ngozi: ngozi ikikauka inasinyaa, na kuiloweka usiku kucha kwenye oili ya injini kunaweza kuifufua. Zenye mpira, mpira unabadilishwa. Chini ya pampu kuna kijipira cha chuma kinachozuia esansi isirudi. Mkiigeuza kabureta kinadondoka na kubingirika chini ya meza, na fundi mwenye haraka anaifunga bila hicho. Fungueni juu ya sinia.

Kabureta za Toyota za injini hizi zina kioo kidogo mbele ya bakuli. Injini ikiwa kwenye ralanti na gari limesimama sawasawa, esansi ionekane katikati ya kioo. Ikiwa chini, hata pampu nzima haina cha kurusha.

Mkiwa hapo, toeni bomba jembamba la mpira linalotoka kabureta kwenda kwenye distributa (kigawa cheche), mlinyonye kwa mdomo na kuziba kwa ulimi. Likishikilia ulimi, vizuri. Likivuta hewa bila mwisho, membrani ya distributa imepasuka, cheche haiwahi mnapokanyaga, na gari linasita vilevile kama lenye kabureta mbovu. Tumeona kabureta nyingi zikifunguliwa kwa kosa la mpira huo.

Piki yangu inazima nikivuka mto au tope refu, halafu baada ya dakika kumi inawaka yenyewe. Cheche ipo. Tena siku nyingine inagugumia bila sababu. Ninanunua esansi ya chupa barabarani. (Msomaji wa Kavumu, Kivu Kusini)

Hayo ni maji mara mbili, kwa njia mbili.

Bakuli la kabureta linahitaji kupumua. Esansi inapotoka kupitia jikleri, hewa lazima iingie juu yake, na inaingia kupitia mipira myembamba inayoning'inia chini ya injini. Ukitumbukiza ncha zake majini au zikizibwa na tope, bakuli linashika pumzi na esansi inagoma kushuka. Zikikauka inawaka, ndiyo dakika kumi zako. Dawa ni ya bei ya chupa ya soda: kata kila mpira wa kupumulia, weka kiungo cha T, tawi moja liendelee chini, la pili lipande hadi chini ya tangi, mdomo ukitazama chini. Usiguse ule unaotoka chini kabisa ya bakuli kwenye skrubu ya kumwagia, huo ni wa kutolea.

Na hiyo skrubu ndiyo dawa ya ugonjwa wa pili. Maji ni mazito kuliko esansi, yanatulia chini ya bakuli, na piki ikitikisika tone linanyonywa. Funga bomba la tangi, weka kikombe cha kioo chini, fungua skrubu. Ukiona lulu zinazobingirika chini ya esansi bila kuchanganyika, ndiyo hayo. Suuza bakuli kwa esansi safi, funga skrubu.

Chupa unayonunua, itazame kwenye mwanga kabla hujalipa. Iache itulie dakika kadhaa, na usimimine vidole viwili vya mwisho. Ukishuku imechanganywa na mafuta ya taa au mazuti (dizeli), dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inapotea yote, iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Hiyo haina jikleri ya kuifaa. Ukiwa na bidoni lako la kununulia pompa, lijaze hapo.

Neno la bisibisi, kwa kuwa mmetutumia picha nyingi za skrubu zilizokatika vichwa. Skrubu za msalaba za kabureta za Kijapani zina msalaba wa kina kifupi kuliko ule wa kawaida, kwa hiyo bisibisi ya msalaba ya kawaida inapanda juu na kuutafuna. Saga ncha ya bisibisi yako kidogo hadi iingie chini kabisa, igonge nyundo mara moja, kisha ndipo uzungushe. Na fanyeni kazi hii mbali na jiko la makaa.